Vumbi la Sikasi wa Lusangi

Ninyi vijana mnaokuja na simu kupiga picha za arusi mbele ya nyumba ya marehemu Bwana Athumani, sikilizeni kwanza. Yule mnayemwegemea si mungazi. Hana mawese, hana pombe, wala si ndugu ya huo mchikichi au mnazi. Anaitwa sikasi. Jumamosi iliyopita bi arusi mmoja alishika majani yake mapya, yale laini yanayotoka yamejikunja, akayavuta karibu na shavu ili apendeze. Kesho yake yalikuwa yamepinda. Yatabaki yamepinda mwaka mzima, pengine miwili, maana sikasi hatoi majani kila siku kama matembele. Anatoa mzunguko mmoja, kisha anapumzika mpaka umsahau.

Mnisamehe ukali. Nimefanya kazi ya bustani katika parseli ile, kiwanja chote cha nyumba hiyo, tangu nikiwa binti mpaka magoti yalipokataa kuchuchumaa. Karibu kila sikasi mnayemwona hapa Kasongo, yule wa kando ya msikiti, wale wawili wa uani kwa mapadri, alitoka ubavuni mwa mama yule mmoja mnayemwegemea akapita mikononi mwangu. Lakini wote hao ni vipande vya mwili wake mwenyewe. Mtoto wa mbegu, mwenye mama na baba, hakuwahi kupata. Miaka yote ya kazi yangu nilitaka kitu kimoja tu: mbegu hai ya mama yule. Na nilimtaka mtu aliyeniahidi mbegu hiyo. Nawaambia mapema, msije mkasema bibi huyu anazunguka tu.

Jina langu Asumini. Niliingia kwa Bwana Athumani kuteka maji, si kulima. Alikuwa mfanyabiashara wa chumvi na vitambaa, na nyumba ile aliinunua kwa Mzungu wa pamba pamoja na bustani yake. Katikati alisimama sikasi, mnene kuliko pipa. Mtunza bustani alikuwa Lukanga, Mubangubangu wa kijiji cha Lusangi, kijana mrefu aliyenizidi miaka kumi hivi, wa kusema polepole na kucheka upesi. Nilimwita Yaya, yaani kaka, kama inavyompasa mtu aliyekutangulia kazini. Siku yangu ya tatu alinikuta nimemwaga ndoo nne chini ya sikasi.

"Asumini, huyu muti alikulilia kiu?"

"Jua iko kali, Yaya."

"Jua iko kali kwako weye. Yeye anakunywa mara moja, anafikiri juma mbili. Ukimupa kila siku miguu itaoza, na hautajua mpaka siku kichwa kinaanguka."

Tangu siku hiyo aliniita Asumini wa Maji Mingi, mbele ya wageni na nyuma yao. Nilikasirika, lakini nilijifunza. Chomeka kidole udongoni mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, ondoka, kafanye kazi nyingine. Udongo wetu huu mwekundu unashika maji, kwa hiyo usimpande sikasi kwenye shimo, mpande juu ya kichuguu ulichokitengeneza mwenyewe, na usimfunike shingo. Watu wanapenda kumfukia kama mugomba. Mugomba hana kinyongo, sikasi anacho.

Kosa langu kubwa lilikuja baadaye, siku Lukanga aliponiachia kutoa watoto peke yangu. Watoto hao ni vile vichwa vinavyoota ubavuni mwa mama, vinafanana na viazi vyenye magamba. Unavitoa mwisho wa kiangazi kwa kisu kikali au kwa mtaimbo, kufuatana na unene. Unapaka majivu kwenye kidonda cha mtoto na kwenye kidonda cha mama. Unakata majani yote ya mtoto, yote, usimwonee huruma, kwa sababu hana mizizi ya kuyalisha. Kisha unamweka kivulini siku kumi mpaka kidonda kikauke kabisa, ndipo unamkalisha kwenye mchanga, nusu ndani, nusu nje. Hayo yote niliyafanya vizuri. Nilitoa watoto saba, nikawapanga nyuma ya jiko, na kila Ijumaa kabla ya kwenda kuoga nilikuwa nawang'oa mmoja mmoja kuangalia kama wameota mizizi, kisha nawarudisha.

Miezi mitano ikapita. Lukanga akaja akatazama.

"Mbona haviote?"

"Sijui, Yaya. Na mimi ninaviangalia kila juma."

"Unaviangalia namna gani?"

Nikamwonyesha. Alikaa chini kabisa, juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka mpaka Bwana Athumani akatoka barazani kuuliza kuna nini. Kumbe kila mzizi uliojaribu kutoka nilikuwa nauvunja mimi, kila Ijumaa, kwa upendo wote. Wawili tu waliokoka, na mmoja wa hao ndiye yule wa kando ya msikiti.

Si mimi peke yangu niliyemkosea. Kulikuwa na mgema mmoja kutoka Nyangwe aliyeletwa kugema michikichi ya nyuma ya nyumba. Akamwona sikasi, akasema mchikichi mfupi hivi ni bahati, mtu hapandi hata ngazi. Akamtoboa shingo, akafunga kibuyu, akamkalia siku tatu. Kibuyuni akapata utomvu mzito kidogo, unaonata. Akaulamba. Lukanga alimkuta anasukutua mdomo kwa maji ya mtungi wa wudhu, akamwambia, "Hata mungazi wa bure unauliza jina lake kwanza." Tulilifunga lile tundu kwa majivu na udongo wa kichuguu, na kovu lake bado liko upande wa barabara, mnaweza kwenda kuliona.

Na hapa niseme la kuokoa watu. Msile chochote cha sikasi. Wahenga waliosema mvumilivu hula mbivu hawakumjua huyu. Mbivu zake ni nyekundu, zinapendeza, na mbwa wa Bwana Athumani alitafuna mbili tu akafa kabla ya magharibi. Ukizishika, nawa mikono. Kama una watoto wadogo, zitoe zote kabla hazijaanguka chini.

Mbivu hizo ndizo zilizoanzisha maneno kati yangu na Lukanga. Mama yule anachanua kila mwaka wa pili au wa tatu. Katikati ya kichwa chake panafura kitu cha rangi ya kahawia, chenye manyoya kama blanketi kuukuu, kisha kinafunguka, na ndani kuna mbegu zimepangwa. Mwaka wa kwanza nilioona mbegu nilifurahi sana. Nikaziosha, nikazipanda, nikangoja mwaka. Hakuna.

"Leta beseni," Lukanga akaniambia safari iliyofuata. Tukazimenya lile ganda jekundu, tukazitia ndani ya maji. Zote zikaelea. "Unaona? Ziko tupu. Muti huyu iko mwanamuke, na Kasongo muzima hakuna mwanaume wake. Anazaa ndoto."

"Mwanaume iko wapi?"

"Iko kwetu Lusangi, uani kwa baba yangu. Baba alifanya kazi kwa Mzungu huyu huyu, akapewa kitoto kimoja cha sikasi. Anatoa kitu kirefu, kinasimama kama gunzi kubwa ya muhindi, kinamwaga vumbi ya manjano. Ukileta ile vumbi hapa siku mama anafunguka, mbegu zitazama."

Sokoni walikwisha kujua habari hizo. Mimi nilikuwa nimepita ule umri ambao shangazi zangu waliuona unafaa, na nilipopita na ndoo zangu wanawake walisema, "Huyo anakwenda kwa mwenzake, wote wawili hawana bwana." Sikuwajibu, maana ilikuwa kweli, na pia kwa sababu nilikuwa nimekwisha mpenda Lukanga. Nalisema hivyo hivyo. Nilimpenda kwa sababu alikuwa akinifundisha bila kunificha kitu, na kwa sababu alipocheka nilisikia nimepumzika.

Alikuja kwa baba yangu kuniposa, kwa adabu zote. Baba alikuwa muungwana wa Kasongo wa zamani, anahesabu babu zake mpaka Nyangwe ile ya misafara, na hakupenda mtu wa jembe kutoka porini. Lakini Lukanga alikuwa amesilimu tangu utoto, anaswali, hanywi, na baba alikosa pa kushika. Akasema, "Lete wazee wako wazungumze na wazee wangu." Basi Lukanga akafunga mzigo wake mwanzoni mwa mvua. Asubuhi ya safari alipitia bustanini, akamgusa sikasi shingoni, akaniambia, "Nikirudi, nitarudi na wazee watatu na vumbi. Weye utaolewa, na yeye ataolewa."

Vita vikafunga barabara mwezi uleule. Sitaki kusimulia vita, wako wengine wanaovisimulia. Nitasema tu kwamba habari zilizofika zilisema vijiji vya upande ule vimekimbilia msituni, kisha zikasema Lukanga amekufa. Mtu aliyeleta habari hiyo hakuiona maiti wala kaburi. Niliomboleza bila haki ya kuomboleza, kwa sababu hakuwa mume wangu. Nikashika jembe lake. Bwana Athumani alisema, "Asumini, bustani ni yako sasa," na mimi nilifanya kazi ya watu wawili ili nisiwe na nafasi ya kukaa.

Miaka mitatu nilimngoja mtu niliyeambiwa amekufa. Mwaka wa nne nikaolewa na Baba Amisi, mjane, fundi wa viatu, mtu mwema kabisa. Nilizaa naye watoto wanne, nikamzika kwa heshima. Sina neno baya juu yake hata moja. Lakini kila mara sikasi alipochanua nilizimenya mbegu zake, nikaleta beseni, nikazitia majini. Kila mara zilielea. Baba Amisi aliniuliza siku moja kwa nini ninajisumbua na mbegu ninazojua ni tupu. Nilimjibu kwamba ni kazi tu. Hakuuliza tena, na mpaka leo sijui kama aliamini.

Kazi yenyewe ilibadilika. Zamani tuliwakalisha watoto katika mchanga wa shimoni nyuma ya nyumba, wakaoza nusu. Mimi nikaanza kuagiza mchanga wa mtoni Nyangwe, ule wenye chembe kubwa, unaokuja kwa baiskeli katika magunia, nikaukaanga kwenye karai kubwa ili kuua wadudu. Wenzangu walinicheka: Asumini anapika mchanga. Lakini kati ya watoto kumi nikawa napoteza mmoja. Siku hizi mnatumia mifuko myeusi ya plastiki. Sawa, ila itoboeni chini, matundu sita au saba, si moja. Na msimhamishe mtoto akiwa anafungua majani. Ngojeni yakauke, yawe magumu ya kuchoma kidole, ndipo mumguse.

Basi. Nilikuwa nimekwisha kustaafu, napita bustanini kwa mazoea tu, wakati warithi wa Bwana Athumani waliposema watabomoa uzio na kujenga magazini, yaani maduka, kando ya barabara. Sikasi mkubwa vile hahamishiki, ukimng'oa umemuua. Watoto wake wapo, ndiyo, lakini mtoto wa ubavuni anakaa miaka mingi kabla ya kuchanua, na mimi miaka hiyo sina. Na mwaka huo kichwa cha mama kilikuwa kimeanza kufura. Niliwaomba warithi wangoje mpaka mbegu zikomae. Wakakubali, si kwa sababu yangu, ila kwa sababu walikuwa hawajapatana nani achukue mlango wa kona. Nimewaombea dua nyingi, ugomvi wao uendelee.

Wiki ileile motari mmoja, dereva wa pikipiki anayebeba watu kwenda Salamabila, alisimama kunywa maji kivulini. Akamtazama sikasi, akasema, "Mama, muti kama huyu niliuona Lusangi. Ila ule iko na kitu kimesimama katikati, kama muhindi."

Nikamwuliza ni uani kwa nani.

"Kwa muzee mumoja. Papa Lukanga."

Nilishika ukuta. Motari akadhani ni jua, akaninywesha maji yake. Nilimwuliza mara tatu kama huyo Lukanga ni mzima, na mara tatu akaniambia amemwona kwa macho yake, anachambua karanga. Binti yangu alisema mwanamke wa umri wangu hapandi pikipiki siku nzima kwa ajili ya ua. Nikamwambia si ua. Kesho yake alfajiri nikapanda, nimejifunga kitenge kiunoni kushikilia mgongo.

Nilifika alasiri, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Msichana akanipokea, Furaha, mjukuu wake. Lukanga alikuwa ameketi mbele ya nyumba na ungo wa karanga mapajani. Amekonda, miguu imevimba, ndevu nyeupe. Furaha akamwambia kuna mgeni wa Kasongo. Hakuinua kichwa.

"Mugeni gani?"

"Asumini."

Mikono yake ikasimama juu ya karanga. "Asumini wa Maji Mingi," akasema.

"Mimi. Waliniambia umekufa, Yaya."

"Na mimi waliniambia umeolewa."

"Yangu ilikuwa kweli."

"Naijua. Nilijua mwezi uleule." Akanionyesha kiti. "Mukebe ulikufikia?"

Nikamwuliza mkebe gani. Ndipo akanieleza, polepole kama kawaida yake. Walikaa msituni miaka miwili. Walipotoka, baba yake alikuwa amekufa, yeye mwenyewe mguu mmoja ulikuwa umevunjika, na sikasi wa uani alikuwa bado amesimama. Muti ule ulipotoa vumbi, alilikung'uta juu ya karatasi, akalikausha, akalitia katika mkebe wa maziwa ya unga, akampa mchuuzi wa baiskeli anipelekee, nijue kwamba yu hai na anakuja mguu ukipona. Mchuuzi alirudi baada ya wiki tatu. Akamwambia: nilikuta ngoma, binti anaolewa leo, nikauacha mkebe kwa shangazi yake jikoni, ampe.

"Nikasema, amepokea, amenyamaza," Lukanga akamaliza. "Na mutu akinyamaza, amejibu."

Mimi nilikuwa nimekwisha kuondoka pale kwa mawazo, niko katika chumba cha bi arusi, nimefunikwa kanga, namsikia shangazi Zaituni akilalamika jikoni. Alikuwa anapika wali wa manjano wa wageni mia. "Manjano gani haya hayatoi rangi?" alisema. "Mchuuzi wa baiskeli ameyatoa Kabambare, yamekosa jua." Akamwaga mkebe mzima. Wageni watano walitapika usiku ule, na sisi sote tukamlaumu mbuzi.

"Yaya," nikamwambia, "tulilipika."

"Mulipika nini?"

"Vumbi. Shangazi alizani ni manjano. Alilitia kwa wali wa arusi."

Alichukua karanga moja, akaimenya.

"Na weye ulikula?"

"Nilikula."

"Ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa na uchungu kidogo."

Akacheka. Alicheka kama siku ile ya ndoo, karanga zikamwagika, Furaha akatoka mbio. Kisha kicheko kikageuka, akajifuta uso kwa kofia yake, na mimi nikajifuta kwa kitenge changu chenye vumbi, nikawa mchafu zaidi. Ningejua siku ile mkebe ni wa nani, nisingetoka katika chumba kile kwenda kuolewa. Baba Amisi amekwisha tangulia, hawezi kuumia tena, kwa hiyo ninaweza kulisema. Nisingetoka.

Hakumlaumu shangazi, na mimi sikumlaumu. Hakuna mtu Kasongo aliyekuwa amewahi kuliona vumbi la sikasi kwa macho, nikiwemo mimi niliyelingoja. Alioa baadaye, mkewe alikufa, ana wajukuu sita. Aliniambia kila muti wake ulipochanua alikuwa anakung'uta vumbi, analiweka juu ya kabati siku nane, kisha analimwaga. Nilimwuliza kwa nini siku nane. Akasema ndizo alizohesabia safari ya mtu kutoka Kasongo mpaka pale kwa miguu, akipumzika njiani.

Safari hii hakulimwaga. Tulilikung'uta pamoja asubuhi yake, Furaha akipanda kwenye kiti kufikia kile kitu kirefu, mimi nikishika gazeti chini. Harufu yake ni nzito, kama nanasi lililolala. Alinifungia kwa karatasi mara tatu, akanikataza plastiki.

"Plastiki inatoa jasho, jasho inaoza vumbi. Na usimwagie siku ya mvua. Asubuhi, umande ukikauka. Chukua manyoya ya kuku, fungua kidogo kwa vidole, tia ndani kabisa. Asubuhi tatu, usifanye moja."

"Njoo ufanye mwenyewe," nikamwambia.

Alitazama miguu yake. "Haiwezi tena hata kufika kwa mutoni, Asumini. Fanya weye. Na zikizama, usinipigie. Kuzama si kuota. Zikiota, nipigie."

Nilibeba karatasi ile kifuani, ndani ya kanga, mpaka Kasongo. Mvua ilitukuta njiani, nikamlazimisha motari asimame chini ya kibanda cha mihogo muda wa saa mbili, akilalamika abiria wake wa pili watamkimbia. Asubuhi tatu nilipanda ngazi, binti yangu akiishika na kunisema. Nilifungua yale manyoya ya kahawia kwa vidole viwili, nikapaka, nikanong'ona bismillah. Halafu kungoja. Mbegu zilifura, zikawa nyekundu, kama miaka yote. Kwa macho huwezi kujua. Zilipokomaa nilizimenya, nikaleta beseni. Nilifumba macho nikazimimina. Nilipofumbua, nyingi zilikuwa zinaelea. Lakini chini ya beseni zilikuwa zimelala kumi na nne.

Nilitaka kumpigia siku ileile. Sikumpigia. Nilizilaza mbegu kumi na nne ubavu, nusu ndani ya mchanga wa Nyangwe niliokaanga kwa mkono wangu, na safari hii sikuchokonoa. Nakiri Ijumaa zilinitesa. Mwezi wa tano, kimya. Wa saba, kimya. Kumi na moja zilioza, nilizitambua kwa harufu. Warithi wakapatana juu ya mlango wa kona, na matofali ya kwanza yakashushwa. Mafundi wataanza baada ya mvua hizi, kwa hiyo picha zenu pigeni sasa, ila mikono mbali na majani.

Kisha asubuhi moja nikakuta mchanga umepasuka mahali patatu. Mbegu moja ilikuwa imetoa jani limejikunja, nyingine mbili zimeshusha mzizi, mnene, mweupe, unaingia chini wenyewe. Nilikaa chini kabisa. Nilipiga simu Lusangi. Furaha alipokea, akamwekea babu yake sikioni, nikasikia pumzi yake kabla ya sauti.

"Yaya," nikasema, "zimeota."

"Ngapi?"

"Tatu."

Nilisikia kuku wake na mtu anatwanga mbali. Nikafikiri simu imekatika, nikaita tena jina lake.

"Niko," akasema. "Basi, Asumini, tumezaa."

"Ndiyo, Yaya," nikamwambia. "Watatu."